Safari Tatu kwa Siku Saba: Historia ya Kabotaji ya Barabarani katika Umoja wa Ulaya, 1957–2024

Lori lililosajiliwa Poland linapofikisha shehena Lyon, hubaki tupu. Iwapo litapakia mzigo mwingine mjini humo na kuushusha Marseille, litakuwa limefanya kazi ya ndani ya Ufaransa ilhali mmiliki wake ni msafirishaji wa kigeni. Kazi ya namna hiyo huitwa kabotaji. Insha hii inajadili namna sheria za Ulaya zilivyoishughulikia, na inatetea hoja kwamba, tangu kazi hiyo ilipokubaliwa kimsingi, mgogoro mkuu ulihusu ukomo wake: kazi "ya muda" huishia wapi, na ushindani wa kudumu huanzia wapi?

Mkataba wa Roma wa mwaka 1957 uliliagiza Baraza la Mawaziri kuweka masharti ya msafirishaji wa nchi moja kufanya kazi ndani ya nchi nyingine. Agizo hilo halikutekelezwa kwa miaka mingi, kwa kuwa serikali zilikuwa na masoko ya kulinda. Ujerumani Magharibi, kwa mfano, iliweka ukomo wa leseni za malori ya masafa marefu, hatua iliyolinda pia reli ya serikali. Bunge la Ulaya lilifungua shauri, na tarehe 22 Mei 1985 Mahakama ya Ulaya ikaamua kuwa Baraza limeshindwa kutimiza wajibu wake.

Kutokana na hukumu hiyo, Kanuni namba 4059/89 ilianzisha vibali 15,000, kila kimoja cha miezi miwili, kuanzia Julai 1990. Mahakama iliitengua kanuni hiyo mwaka 1992 kwa sababu Bunge halikushauriwa upya ipasavyo, ingawa ilihifadhi athari zake ili soko lisivurugike. Kanuni namba 3118/93 iliongeza vibali kufikia 30,000 mwaka 1994, na kuanzia tarehe 1 Julai 1998 mfumo wa vibali ukaondolewa. Sharti lililosalia lilikuwa kwamba kazi hiyo iwe ya muda, lakini kanuni haikueleza muda huo ni siku ngapi.

Pengo hilo lilidhihirika Umoja ulipopanuka mwaka 2004. Madereva wa nchi nyingi zilizojiunga walilipwa ujira mdogo kuliko wenzao wa magharibi, na wasafirishaji wa magharibi walihofia kupoteza wateja. Kwa sababu hiyo, nchi nyingi mpya zilizuiwa kufanya kabotaji kwa kipindi cha mpito kilichoweza kufikia miaka mitano. Kipindi hicho kilipomalizika, Kanuni namba 1072/2009 iliutafsiri muda kwa hesabu: safari tatu ndani ya siku saba baada ya kushusha mzigo wa kimataifa. Masharti hayo yalianza kutumika Mei 2010, na msafirishaji alitakiwa kuyathibitisha kwa hati za mizigo.

Hata hivyo, hesabu hiyo haikufunga mjadala. Lori liliweza kuvuka mpaka, kurudi na mzigo mwingine wa kimataifa, kisha kuanza upya safari tatu. Kanuni namba 2020/1055 ililijibu tatizo hilo: tangu tarehe 21 Februari 2022, gari lililomaliza kabotaji haliruhusiwi kuirudia katika nchi ileile kwa siku nne. Aidha, sheria iliyoandamana nayo ilimpa dereva wa kabotaji haki ya kulipwa kwa viwango vya nchi anamofanyia kazi.

Lithuania, Bulgaria, Romania, Cyprus, Hungary, Malta na Poland zilipinga mageuzi hayo mahakamani. Tarehe 4 Oktoba 2024 Mahakama ilifuta sharti la kurejesha malori nyumbani kila baada ya wiki nane, kwa kuwa watunga sheria hawakuonyesha kwamba walikuwa na taarifa za kutosha kupima uzito wake. Siku nne za kusubiri zilibaki.

Kwa ujumla, inabainika kuwa historia hii haikuelekea moja kwa moja kwenye soko huria. Kila mlango uliofunguliwa uliwekewa kipimo kipya: kwanza idadi ya vibali, kisha idadi ya safari, hatimaye siku za kusubiri. Nyuma ya vipimo hivyo palikuwa na madai mawili halali yaliyogongana: haki ya msafirishaji wa nchi maskini zaidi kutafuta kazi katika soko la pamoja, na haki ya dereva wa nchi mwenyeji kutoshushiwa ujira wake.