Mifupa ya Tauste na Haki ya Mke katika Chakula

Tunapotaka kujua Waislamu wa Andalusia walikula nini, kawaida yetu ni kurejea vitabu. Lakini vingi vya vitabu hivyo viliandikwa kwa ajili ya wakubwa. Ibn Zuhr, tabibu wa Seville aliyefariki mwaka 557 Hijria (1162 Miladia), alimwandikia khalifa Abdul-Mu'min kitabu chake cha vyakula. Mkulima wa shamba na mkewe hawana nafasi kubwa humo. Habari zao zimebaki makaburini.

Tauste ni mji mdogo karibu na Zaragoza, Hispania, katika jimbo la mpakani ambalo Waislamu waliliita ath-Thaghr al-A'la. Hapo yaligunduliwa makaburi ya Kiislamu ya karne ya 8 hadi ya 10 Miladia, maiti wamelazwa kwa ubavu wa kulia na kuelekezwa Kibla. Kabla ya hapo hapakuwa na ushahidi kwamba jamii kubwa ya Waislamu iliishi mahali hapo.

Mwaka 2017 wataalamu walichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 31. Njia yao ni hii: nitrojeni iliyomo mwilini ina aina nyepesi na aina nzito. Mnyama alaye majani huwa na ile nzito zaidi kuliko majani yenyewe, na mtu alaye nyama, maziwa au samaki huwa nayo zaidi tena. Mifupa huhifadhi athari hiyo. Kipimo cha Tauste kilikuwa juu kwa watu wote, kwa sababu ya ardhi yenye jasi na chumvi, samadi mashambani na ulaji wa samaki. Pamoja na hayo, ilibainika kuwa wanaume watu wazima walikula vyakula vya wanyama zaidi kuliko wanawake na vijana wa kiume.

Je, hiyo ndiyo sharia? Hapa yapasa tutenganishe dini na mazoea ya watu wa dini. Tofauti ya kipimo peke yake si hukumu ya dhulma, kwani chakula hutofautiana kwa umri, kazi na uwezo. Lakini kumtanguliza mwanamume kwa kuwa ni mwanamume tu ni jambo ambalo Qur'an imeligusa waziwazi. Katika Surat al-An'aam, aya ya 139, Mwenyezi Mungu (s.w.) anawalaumu washirikina waliodai kuwa vilivyomo matumboni mwa baadhi ya wanyama ni vya wanaume wao na ni haramu kwa wake zao. Naye Mtume (s.a.w.), alipoulizwa haki ya mke, alianza na kumlisha mume anapokula.

Ni kweli kwamba mafakihi wameipa desturi nafasi yake katika nafaka, yaani matumizi ya mke. Katika madhehebu ya Malik, ambayo ndiyo yaliyoenea Andalusia, Khalil bin Is-haq aliyekuja baadaye kule Misri amefupisha hukumu hiyo katika Mukhtasar yake: chakula na kitoweo ni kwa mujibu wa ada, uwezo wa mume na hali ya mke. Hata hivyo ametaja nyama mara kwa mara, na mama anyonyeshaye aongezewe cha kumtia nguvu. Imam an-Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa pwani yetu, ameweka mudi 2 kwa mume mwenye wasaa, 1 kwa maskini na 1 na nusu kwa wa kati, kisha akawajibisha nyama kwa kadiri ya uwezo na ada ya mji.

Basi desturi hupima haki, haiifuti. Mji ukizoea kula nyama, mke naye anastahiki nyama. Ada haigeuki kuwa hoja ya kumnyima.

Maneno haya yanatuhusu. Zipo nyumba zetu ambamo firigisi na minofu huwekewa baba, na mjamzito hubaki na mchuzi. Maimamu wetu huhutubia sana haki za mume. Tunawaomba waifafanue na nafaka, mudi kwa mudi. Watu wa Tauste wametangulia, nasi tunawaombea maghufira. Sahani zetu bado ziko mikononi mwetu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.