Kosa Dhidi ya Maadili

Mwezi wa Juni 2004 alinijia ofisini Lindi mvuvi mmoja wa Kilwa Kivinje, rika la marehemu baba yangu, mtu niliyemfahamu tangu utoto kwa kuwa nami nimezaliwa Kivinje, si mbali na lile boma la Wajerumani. Nilimpa shikamoo, akaitika, akaketi. Kisha akafungua fundo la kitambaa akatoa barua ya karatasi moja.

“Mwanangu,” akasema, kwani hata nilipopata uwakili hakuniita vinginevyo, “mwalimu amekwisha kunieleza maana yake. Lakini nataka niisikie kwa mtu wa sheria.”

Barua ilikuwa fupi. Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha pili, amefukuzwa shule kwa kutenda kosa dhidi ya maadili, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2002. Neno mimba halikuwamo. Mzee aliniomba nisome mara ya pili, akaniuliza: “Kosa lenyewe ni lipi?”

Nilikuwa na miaka kumi na tano katika kazi hiyo, na nusu ya mashauri yangu yalihusu shule. Sikupanga. Chuo Kikuu hatukufundishwa kuwa kuna tawi liitwalo sheria ya elimu. Tulifundishwa mikataba, ardhi, jinai. Lakini wakili wa pwani ya kusini hula kile kinacholetwa na watu, nao waliniletea mipaka ya viwanja vya shule, walimu waliodai haki zao na, zaidi ya yote, wazazi walioshitakiwa. Msimu wa mpunga mtoto huhitajika dunguni kuamia ndege. Msimu wa dago baba huondoka na kijana wake kwenda kuvua. Mtendaji wa kijiji naye hupita na daftari la mahudhurio. Nilisimama mara nyingi kuwatetea watu hao, na kila mara hakimu alinisomea kifungu kile kile cha 35 cha Sheria ya Elimu Namba 25 ya 1978: kila mtoto aliyefikia miaka saba sharti aandikishwe, na mzazi ahakikishe anahudhuria mpaka amalize shule ya msingi.

Msomaji asidhani kwamba shuruti hiyo ilianza na Azimio la Musoma la 1974, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo Novemba 1977. Huku kwetu shule ya serikali ilikuja pamoja na boma. Wajerumani walifungua ya kwanza Tanga katika miaka ya mwanzo ya 1890, na baadaye katika miji mingine ya pwani, Kilwa na Lindi zikiwamo. Hawakufundisha dini humo, kwa kuwa Waislamu wa pwani wasingewatoa watoto wao kwa wamisionari, na walichotaka kwa haraka ni makarani na maakida. Mwaka 1895 walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya pale Kivinje; mji uliosimama chini ya mwembe ule haukuwa na sababu ya kuikimbilia shule yao. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba zamani mtoto wa kupelekwa shule alikuwa yule ambaye akipotea hapatakuwa na hasara kubwa. Wasichana hata hawakutajwa.

Hatua za baadaye nitazipita upesi. Uhuru ulifuta mgawanyo wa shule kwa rangi, na sheria ya 1969 ikazitia shule nyingi za binafsi mikononi mwa serikali. Ninachotaka kionekane ni kwamba kwa muda wa miaka mingi dola ilikuwa ikimvuta mtoto wa pwani aingie darasani, mwishowe kwa kumtisha baba yake kwa faini na kifungo. Wazee walikubali polepole. Mvuvi wangu alikuwa mmoja wao: aliuza mashua ndogo ili binti apate sare na karo ya sekondari. Na sasa sheria ile ile, kwa kanuni zilizotungwa chini yake, ilikuwa ikimtoa binti huyo nje.

Nilizitafuta kanuni. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, Gazeti la Serikali lingeweza kusubiri masika yote iishe ndipo litufikie. Safari hii nilizipata kwa wiki moja. Ni Tangazo la Serikali Namba 295 la 2002, limeandikwa kwa Kiingereza. Linataja sababu za kumfukuza mwanafunzi: utovu wa nidhamu wa kurudiarudia, kosa la jinai kama wizi, ukahaba, dawa za kulevya au kosa dhidi ya maadili, hata kama hajashitakiwa, na kufunga ndoa. Mimba haimo. Tena kanuni inasema kufukuzwa “kwaweza” kuamriwa, haisemi lazima. Miaka yote wasichana walipokuwa wakipimwa matumbo na kurudishwa kwao, kila mtu, nami nikiwemo, aliamini kwamba sheria imesema hivyo waziwazi.

Kulikuwa na mtego mwingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Kwa hiyo baba aliyemwoza binti upesi ili kuficha aibu aliipa shule sababu ya pili, na hiyo iliandikwa bayana.

Nilimwandikia mkuu wa shule barua ndefu. Sikujibiwa. Nikaandika ya pili, kali zaidi. Kisha nikamwambia mzee kwamba iliyobaki ni kwenda Mahakama Kuu, Mtwara. Alifikiri kidogo akasema, “Mwanangu, mtoto yu karibu kujifungua. Nauli ya Mtwara nitamnunulia nguo za mwanawe.” Nilimjibu kwamba naelewa. Ukweli ni kwamba nilipumua. Shauri la kikatiba lingenigombanisha na maofisa niliokutana nao kila wiki, nami nilikuwa na watoto wa kusomesha. Ningeweza kulifungua bila kumtoza shilingi, hilo sikumwambia.

Aliyethubutu, katika jambo la jirani na hilo, alikuwa mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi. Mwaka 2016 aliishitaki serikali kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, na Mahakama Kuu ikasema vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa tarehe 23 Oktoba 2019. Serikali ilikuwa imepewa mwaka mmoja kurekebisha, mwaka ukapita. Katika 2016 hiyo hiyo Sheria ya Elimu iliongezewa kifungu cha miaka thelathini jela kwa anayempa mimba mwanafunzi, na mimi niliyeona kesi hizo naweza kusema kwamba adhabu kubwa hivyo iliwafanya mashahidi wapotee zaidi. Juni 2017 Rais Magufuli akatamka mkoani Pwani kwamba aliyezaa harudi shule. Tamko si kanuni, lakini nani angebishana nalo kijijini?

Halafu, Novemba 2021, ukatoka Waraka wa Elimu Namba 2: mwanafunzi aliyeacha shule kwa ujauzito arudi, ndani ya miaka miwili. Ni waraka tu. Alichokitoa waziri mmoja kwa waraka, mwingine aweza kukiondoa kwa waraka.

Nilichukua nakala nikaenda nayo Kivinje mwezi wa Desemba. Mzee alikwisha kufariki. Binti yake nilimkuta barazani akikaanga pweza wa kuuza. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alikuwa ametoka kufanya mtihani wa kidato cha nne na anangoja matokeo. “Shikamoo kaka,” akasema, akafuta mikono kwa kanga, akaipokea karatasi. Aliisoma yote, kidole kikifuata mstari.

“Hii miaka miwili inahesabiwa tangu lini?” akauliza.

Nikamwambia tangu siku ya kuacha shule. Akaikunja karatasi mara mbili, akamwita mwanawe ndani, akampa naye aisome.