Kilimia Juu ya Mgeta

Mimi ni mwandishi wa habari, na katika kazi yetu gazeti la jana ni la kufungia vitumbua. Tunalipwa kwa kuwahi. Kwa hiyo Desemba 2024, nilipopata siku sita za likizo, niliamua kwenda kutafuta habari zilizochelewa kuliko zote, zile zinazoletwa na mwanga wa nyota.

Chombo chenyewe msikicheke. Ni darubini ya mtumba, lenzi yake upana wa milimita 70, na mguu mmoja wa stendi nimeufunga kwa mpira wa baiskeli. Nilipanda nayo treni ya SGR kutoka Dar, nimeipakata kama mtoto, nikalala Morogoro mjini. Asubuhi gari likaacha barabara ya Iringa pale Sangasanga na kuanza kupanda milima ya Uluguru kuelekea Mgeta. Nilikuwa nafikia Nyandira, kwa wazazi wa rafiki yangu niliyesoma naye chuo. Ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwenye miteremko ya kabichi, njegere na viazi, na usiku unavaa sweta hata kama ni Desemba.

Wenzangu ofisini waliniuliza kwa nini nisiende Zanzibar kama watu wengine. Niliwajibu kwamba nataka giza. Dar usiku, kwa jinsi taa zilivyojaa, nyota unazihesabu kwa vidole na vidole vinabaki.

Usiku wa kwanza mawingu. Wa pili mawingu na mvua, maana vuli ilikuwa bado haijaaga. Usiku wa tatu, tarehe 29, mwezi ukiwa umekaribia kuisha na usingechomoza mpaka alfajiri, anga likafunguka ghafla kama mtu amevuta pazia. Nikatoka mbio na darubini yangu mpaka uani, na hapo nikakutana na kikwazo ambacho sikukitarajia: taa ya umeme juu ya mlango, nyeupe, kali, inamulika uwanja mzima mpaka kwenye migomba.

Nikarudi ndani kuomba izimwe kidogo. Kukawa kimya. Bibi, mama yake mwenye nyumba, alikuwa amekaa karibu na mlango na kitenge chake mabegani. Akanitazama.

"Mume wangu," aliniambia, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, lakini sauti haikuwa ya utani. "Umeme hapa umeingia juzi. Huyu mtoto kasoma kwa kibatari mpaka darasa la sita, moshi unamtoa machozi. Leo wewe mtu wa Dar, unakotoka taa haizimwi, unakuja kutuomba giza?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina jibu zuri. Nilisema tu, "Samahani bibi, nusu saa." Baba mwenye nyumba akacheka, akanyoosha mkono, taa ikazimwa.

Kwanza hatukuona kitu. Baadaye macho yalipozoea, anga likashuka. Ndivyo lilivyoonekana, limeshuka. Upande wa mashariki alisimama Jabari na mkanda wake wa nyota tatu. Kaskazini, juu kabisa, Mshtarii iking'aa kuliko kitu chochote, na pembeni yake kile kifungu kidogo ambacho nilikijua kwa jina la kamusi kabla ya kukijua kwa macho: Kilimia.

Jina hili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Halina ufundi wowote wa kulielewa, maana limetoka kwenye kulima. Lakini lisikilize kwa majirani. Wazulu na Waxhosa wanakiita isilimela. Wasotho wanasema selemela. Wavenda wanasema tshilimela. Kutoka pwani yetu mpaka ncha ya kusini ya bara, mwendo wa kilomita maelfu, watu waliotengana karne nyingi wanatazama nyota zile zile na kutaja jembe. Wazee wa Kixhosa walikuwa wakihesabu miaka ya utu uzima wa mwanamume kwa kuonekana kwa isilimela. Sisi huku tuna methali: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Kwa macho ya leo hiyo ni taarifa ya hali ya hewa. Nyota hizi hupotea katika mwanga wa jua linalozama kati ya Aprili na Mei, zikarudi kuonekana alfajiri kama Juni, na mkulima aliyekuwa hana kalenda ukutani alipima masika yake kwa ile safari.

Kilimia kina jina la pili, thuria, na hilo lilikuja kwa jahazi. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waligawa duara la upeo kwa pande 32 na kuzipa nyingi kati yake majina ya nyota zinapochomoza na zinapotua, na thuria ilikuwa mojawapo. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar, aliandika elimu hiyo kwa mashairi, likiwamo moja kuhusu njia ya Sofala. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 ilibidi apewe rubani ndipo avuke mpaka Calicut. Kwa miaka mingi ilisemwa rubani huyo ni Ibn Majid mwenyewe; wanahistoria wengi siku hizi hawakubali. Aliyekuwa rubani, vyovyote iwavyo, alikuwa mtu aliyezisoma nyota hizi kama sisi tunavyosoma vibao vya barabarani.

Nyota zilisomwa pia kwa kusudi lingine, karibu sana na pale nilipokuwa nimesimama. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani kwenda kutafuta maziwa makuu, wakapita Zungomero, kwenye tambarare za upande wa pili wa milima hii. Speke alipima urefu wa nyota usiku ili kujua wako wapi, na vipimo hivyo vikaenda London vikawa ramani. Wapagazi waliobeba vile vyombo waliijua njia bila kupima kitu. Majina yao mengi hayakuandikwa. Mwishoni mwa 1884 akaja Carl Peters na karatasi za mikataba, akajikusanyia Useguha, Nguru, Usagara na Ukami, ambayo ni nchi ya miguuni mwa Uluguru. Februari 27, 1885 Kaiser akatia muhuri. Mwaka 1907 reli ikafika Morogoro. Siwezi kusema nyota zilitutawala. Ila waliokuja kutawala walikuja wakiwa wameshajua tuko nyuzi ngapi kusini mwa ikweta.

Hata majina ya anga la kusini yana historia ya namna hiyo. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751. Kwa darubini yenye lenzi ya nusu inchi tu, ndogo kuliko hii yangu ya mtumba, alipima nyota karibu 10,000 na kuorodhesha vitu 42 vinavyofanana na ukungu. Ni kazi kubwa mno, namvulia kofia. Kisha akachora makundi 14 mapya na kuyapa majina ya vitu vya karne yake: tanuru, pampu ya hewa, saa, hadubini, darubini. Alijaza anga vifaa vya maabara. Huku kwetu lilikuwa na jembe.

Nilielekeza darubini kwenye moja ya vitu vyake, kusini-magharibi, kinachoitwa 47 Tucanae. Kwa macho matupu ni nyota hafifu. Kwenye lenzi ni kama unga uliomwagika, mzito katikati, unachujuka pembeni. Mwanga wake umesafiri kama miaka 15,000. Nikageukia Jabari, chini ya mkanda, kwenye nebula yake: moshi wa kijivu na nyota ndogo ndani yake. Mwanga ule uliondoka yapata miaka 1,300 iliyopita, wakati msikiti wa mwanzo wa Shanga, kisiwani Pate, haujajengwa. Kaskazini-magharibi nikatafuta galaksi ya Andromeda, ambayo al-Sufi aliiandika mwaka 964 kama wingu dogo. Bado ni wingu dogo. Mwanga wake una miaka milioni 2.5. Ulipoanza safari, zile nyayo za Laetoli zilikuwa zimeshakanyagwa na kugeuka mwamba, na yule Zinjanthropus aliyefukuliwa Olduvai mwaka 1959 alikuwa hajazaliwa.

Na Kilimia? Miaka 440 hivi. Mwanga nilioupokea Nyandira ulitoka huko wakati Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa.

Nilikuwa nayaeleza haya kwa sauti, nafikiri nilikuwa najigamba kidogo, wakati bibi alipotoka nje akiwa ameshikwa mkono na yule mjukuu.

"Kilimia umekiona?" akauliza.

Nikamwambia, "Kipo bibi, kile pale."

Akainua uso. Akatafuta. Macho yake yana ukungu, nadhani ni mtoto wa jicho. "Mimi sikioni," akasema. "Siku nyingi. Nilifikiri hakiji tena."

Tukamletea kigoda. Nikaishusha stendi, nikaelekeza, nikamsaidia kuweka jicho. Lenzi ya milimita 70 inakusanya mwanga mara 100 kuliko mboni iliyopanuka gizani. Hiyo nilikuwa nimeisoma, lakini sikuwa nimewahi kuona ina maana gani. Bibi alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaanza kuhesabu kwa kidole angani, huku jicho lingine amelifumba. Alifika 11 akaacha.

"Kumbe kipo," akasema.

Akatuambia kwamba zamani, kikianza kuonekana jioni upande wa macheo, mama yake alikuwa anatoa majembe yote nje kuangalia mipini. Kwa Waluguru shamba hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo kauli ya mama yake juu ya jembe haikuwa maoni. Akakumbuka pia enzi ya Waingereza, alipokuwa msichana, watu walipolazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani. Hilo limo vitabuni: Julai 1955 wakulima wa Uluguru walikataa, vurugu zikazuka Matombo, na mpango ukaachwa. "Walikuja kutufundisha kulima," alisema bibi, akacheka mpaka akakohoa.

Nusu saa ilikuwa imeshapita zamani. Ni yeye aliyesema, "Haya, washeni taa, mtoto asome." Ikawashwa. Anga likarudi juu, nyota zikabaki zile kubwa tu, na mjukuu akaenda na daftari lake mlangoni, chini ya ile taa nyeupe. Nilikunja stendi yangu na kwa kweli sikuona kibaya cha kusema kuhusu taa ile.

Ninachokiogopa si umeme. Nikirudi Nyandira miaka kumi ijayo, nyota zitakuwepo, na mtu akitaka kuziona atazima taa nusu saa. Mama yake bibi na mipini ya majembe yake hawamo kwenye orodha yoyote, wala ya Lacaille wala ya al-Sufi, na bila yale mawingu kufunguka ningeondoka bila kujua.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, unayependa vitabu kama mimi: kama una bibi au babu aliye hai, kijijini au mjini, mpigie leo muulize nyota alikuwa anaziitaje, na zikitokea walifanya nini. Andika majina. Mimi nimeanza na daftari dogo la kurasa 40. Mpaka sasa nimejaza ukurasa mmoja na nusu.