Theluji Katika Historia ya Ukambani

Msomaji, usikiapo majina ya Kitui na Makueni, yamkini jambo la kwanza kukujia moyoni ni jua kali, udongo mwekundu, mibuyu, na mito ya mchanga ambayo watu huifukua ili wapate maji. Picha hiyo si ya uongo. Hata hivyo, nchi hiyo yenye kiu ndiyo iliyotoa mojawapo ya habari za kwanza zilizofika Ulaya juu ya theluji iliyo karibu na ikweta, na kwa njia hiyo taifa la Kenya likapata jina lake. Yafaa tuifuate habari hiyo tangu mwanzo wake, tuone ni nani aliyeitoa, ni nani aliyeikataa, na ni nani aliyepata sifa.

Kwanza tutazame ramani. Mlima Kenya uko kaskazini-magharibi ya mji wa Kitui, umbali wa zaidi ya kilomita 150. Kilimanjaro nao uko kusini-magharibi ya Vilima vya Chyulu, ambavyo sehemu yake imo katika Makueni. Siku isiyo na mawingu wala vumbi, mtu aliye juu ya kilima kirefu aweza kuuona mmoja au mwingine wa milima hiyo. Basi Mkamba alikaa katika nchi ya joto, huku upeo wa macho yake ukiwa na milima miwili yenye vilele vyeupe. Kilimanjaro aliuita mlima wa weupe. Mlima wa kaskazini aliuita Kiinyaa, jina ambalo wengi hulihusisha na mbuni, ambaye dume lake lina manyoya meusi na meupe. Tazama jinsi jina hilo linavyofaa: miamba myeusi, na theluji nyeupe kati yake.

Katikati ya karne ya 19, Wakamba walikuwa wafanyabiashara hodari, na misafara yao ilipeleka pembe za ndovu mpaka pwani. Mmoja wa wakuu wa biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1849, alifikiwa na mgeni kutoka Rabai, karibu na Mombasa, aitwaye Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani. Kivoi alimweleza mgeni wake kwamba alikuwa amefika Uchaga na kuuona Kilimanjaro, na kwamba uko mlima mwingine wa namna hiyo hiyo, mwendo wa siku chache kutoka kwake. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, mawingu yalifunguka, na Krapf akauona mlima huo kwa macho yake, nao ulikuwa na vilele viwili mfano wa pembe. Aliliandika jina kama alivyolisikia kwa wenyeji wake, na kutokana na maandishi yake likaenea katika ramani za Ulaya. Mwaka wa 1920 jina hilo lilifanywa rasmi kuwa jina la koloni, na mwaka wa 1963 likawa jina la taifa huru.

Je, habari hiyo ilipokelewaje? Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 11 Mei 1848, mmisionari mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, alikuwa ameuona Kilimanjaro, na kiongozi wake wa njia alikuwa amemweleza kwamba ule weupe ulikuwa baridi. Habari hizo mbili zilipofika Uingereza, mtaalamu wa jiografia aitwaye William Desborough Cooley alizikanusha kwa ukali. Bwana huyo hakupata kukanyaga Afrika Mashariki. Alikuwa na vitabu vingi na akili kali, na akili yake ilimwambia kwamba theluji haiwezi kukaa chini ya jua la ikweta.

Hapa ndipo penye somo la historia. Cooley hakuwa mjinga. Kosa lake lilikuwa kuupima ushahidi kwa mazoea yake, badala ya kuuliza: ni nani aliyesema, alisimama wapi, na aliona nini? Laiti angaliuliza hivyo, angaligundua kwamba mfanyabiashara wa Kitui alikuwa shahidi bora kuliko maktaba nzima ya London. Kivoi alikuwa amesafiri, alikuwa ameiona milima yote miwili, na tena hakuwa na sababu ya kuzua theluji.

Kivoi hakuishi hata auone ushahidi wake ukithibitishwa. Mwaka wa 1851 alifuatana na Krapf kuelekea mto Tana, wakavamiwa na wanyang'anyi, na Kivoi akauawa. Krapf alikimbia peke yake. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, akayatia ndani ya mtutu wa bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini, akarudi akitembea usiku. Hatimaye, mwaka wa 1883, Joseph Thomson aliuona Mlima Kenya kutoka upande wa Laikipia, na ubishi ukakoma.

Theluji ilipokwisha kuaminiwa, watu walitaka kuikanyaga. Hapo mlima uliokuwa jambo la kubishaniwa ukawa uwanja wa mchezo, na mchezo huo ulitoka katika mabonde ya milima ya Alps. Huko, kwa karne nyingi, wenyeji wa mabonde waliiogopa theluji kwa kuwa iliua mifugo na kufunga njia. Mwaka wa 1786 watu wawili wa bonde la Chamonix, Ufaransa, walifika kilele cha Mont Blanc, na tangu hapo wageni wakaanza kumiminika. Vijana wa mabonde wakawa viongozi wa kulipwa. Baadaye ulikuja mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zifungwazo miguuni, ambao Wanorwe walikuwa hodari wake, na mwaka wa 1924 Chamonix ikawa mahali pa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya kwanza.

Upande wa pili wa Mont Blanc, katika Italia, kuna kijiji cha Courmayeur. Kutoka huko walikuja César Ollier na Joseph Brocherel, viongozi wa milima, wakifuatana na Mwingereza Halford Mackinder. Tarehe 13 Septemba mwaka wa 1899, watatu hao walifika kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199. Iliwabidi kukata ngazi kwa mashoka katika barafu ngumu mno, hata Mackinder akaiita Almasi. Majina ya wawili wale wa bondeni yameandikwa pamoja na jina lake. Lakini msafara huo ulikuwa pia na Waswahili 66 na Wakikuyu 96, waliobeba chakula na mizigo. Ni nani kati yenu awezaye kunitajia wawili tu kati yao? Mchezo ni mmoja na mlima ni mmoja, lakini kumbukumbu haikugawanywa sawasawa.

Miaka 64 baadaye, tarehe 12 Desemba 1963, Kenya ilipopata uhuru, Kisoi Munyao, Mkamba, aliipandisha bendera mpya juu ya mlima huo. Jina lake halikupotea. Wala Wakenya hawakukoma hapo katika mambo ya theluji. Mwaka wa 1998, katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, Philip Boit, mzaliwa wa nchi isiyo na majira ya baridi, alishindana katika mbio za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, akamngoja mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Mwaka wa 2018, Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika michezo hiyo.

Sasa yatupasa kusema jambo zito. Barafu ya milima yetu inakwisha. Mto wa barafu uitwao Lewis, ulio mkubwa katika Mlima Kenya, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka wa 1934 na 2010. Mwaka wa 2022, shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu ya Kenya na Kilimanjaro yaelekea kutoweka ifikapo mwaka wa 2050. Usidhani kwamba hapo mto Tana utakauka, kwa maana maji yake hutokana zaidi na mvua na misitu kuliko barafu. Kitakachotoweka ni kile kitu chenyewe ambacho Kivoi alimweleza mgeni wake.

Fikiri, basi, mwanafunzi. Itafika siku ambapo mtoto wa Mwingi au Wote ataambiwa kwamba zamani palikuwa na weupe wa daima karibu na ikweta, naye atatazama asione kitu ila mwamba mweusi. Atakuwa katika hali ile ile ya Cooley, asiye na lolote ila maneno ya waliokuwako. Ataamini, ama atacheka? Jibu latutegemea sisi tulio hai sasa. Panda kilima kilicho karibu na shule yako, Mbooni, Kilungu au Nzambani, alfajiri kabla ya vumbi kutimka. Ukiuona mlima, andika tarehe, mahali uliposimama, na ulichokiona. Kisha muulize nyanya au babu yako nao waliona nini walipokuwa na umri wako, uyaandike maneno yao pamoja na majina yao. Wale wapagazi wa mwaka wa 1899 hawakupata mwandishi. Wewe unayo kalamu.