Kireno cha kwenye fomu: Maneno ya kufahamu Mocímboa da Praia

Wakazi wengi wa Mocímboa da Praia huzungumza Kimwani, lakini lugha rasmi ya Msumbiji ni Kireno. Waliopoteza vitambulisho katika mashambulizi yaliyoanza mjini humo tarehe 5 Oktoba 2017 hukutana nacho kwenye fomu.

"Nome" ni jina. "Apelido" ni jina la ukoo, ingawa Brazil humaanisha jina la utani. Ukiliandika tofauti na ndugu zako, itakuwa vigumu kuthibitisha ujamaa wenu. "Data de nascimento" ni tarehe ya kuzaliwa. "Assine aqui" ni "tia saini hapa".

Kabla ya kutia saini, una haki ya kusema "não percebi": sikuelewa. Ukishaelezwa, shukuru: mwanamume husema "obrigado", mwanamke "obrigada".