Amplifaya ya Kuazima

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Sisi wa bendi yetu ya mtaani tuliyajua maneno hayo tangu shule ya msingi, lakini maana yake tuliipata usiku mmoja wa Jumamosi, katikati ya harusi ya watu. Amplifaya tuliyokuwa tunapigia ilikuwa ya kukodi. Saa tano na nusu mwenye mali akaingia ukumbini na vijana wake wawili, akasema amepata mteja mwingine anayelipa zaidi, akachomoa waya ukutani. Mpiga solo wetu akabaki na gitaa shingoni, vidole bado vinatembea kwenye nyuzi, sauti hakuna. Bibi harusi akageuka kututazama. Aibu ile, msomaji, usiombe ikukute.

Kesho yake kijiweni hapakuwa na hoja nyingine: tununue yetu. Mpiga solo akasema tutafute ya valvu, zile zenye vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama kaa la moto, maana ndizo zenye ile sauti ya joto tunayoisikia kwenye santuri za zamani. Mwingine akaangua kicheko. "We unaota, mshikaji. Valvu ni mambo ya Wazungu wenye mshiko. Sisi tumechacha." Ubishi ukawaka. Mimi kazi yangu kwenye bendi ni kupiga rhythm na kutunga mashairi ya nyimbo. Siku ile nikaongezewa ya tatu, nikachimbe habari hizi nije niwasomee. Nilichokipata ndicho hiki. Na niseme mapema: yule aliyesema valvu ni mambo ya wenye pesa alikosea, na historia yenyewe ndiyo inayomsuta.

Mwenye vyombo

Tuanzie nyumbani, kwa sababu kisa chetu cha harusini si kigeni. Historia ya muziki wa dansi Tanzania ni historia ya vyombo na wenye navyo. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili: ikawa JUWATA, halafu OTTU, na leo tunaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi walikuwa na bendi, jeshi nalo halikukosa. Mwanamuziki aliajiriwa, mwisho wa mwezi akapata mshahara, na mshahara si kitu cha kudharau. Lakini magitaa, ngoma, spika na amplifaya vilikuwa mali ya mwajiri. Mtu akihama bendi, alihama na vidole vyake tu.

Kwa bendi za watu binafsi nako mambo hayakutofautiana sana. Orchestra Super Matimila, ambayo Remmy Ongala aliipatia sifa hadi Ulaya, ilibeba jina la mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo. Hebu fikiri. Nyimbo za Remmy, jasho la Remmy na wenzake, jina la mwenye vyombo.

Basi nikajiuliza, hao vijana wa kwingine tunaowasikia kwenye santuri, wao vyombo walivipataje? Walizaliwa navyo? Nilipofuatilia nikakuta na wao walianza wakiwa wamechacha kama sisi.

Fundi redio

Valvu haikuzaliwa kwa ajili ya gitaa. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alitengeneza kichupa chenye vipande vitatu ndani yake. Kipande cha kwanza kikipashwa moto hutoa elektroni, elektroni hizo hukimbilia bamba lililo upande wa pili, na katikati pamewekwa wavu. Umeme mdogo ukiletwa kwenye wavu ule, huachia na kubana njia ya umeme mkubwa, kama vile mkono wa mtoto unavyoweza kufungua na kufunga bomba la maji yenye nguvu. Redio za valvu zilifanya kazi hivyo. Kwa hiyo fundi aliyeweza kufungua redio na kuitengeneza, kuunda amplifaya ya gitaa kwake halikuwa jambo la ajabu.

Leo Fender alikuwa fundi wa namna hiyo. Mwaka 1938 alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California. Wapiga muziki wakawa wanamletea mashine zao zilizokufa, akaona wapi zinaharibika, mwishowe akaanza kutengeneza za kwake, na mwaka 1946 akaanzisha kampuni yenye jina lake. Cha kuchekesha ni kwamba mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi la umeme, na mwaka uliofuata akatoa amplifaya ya kulisindikiza, akaiita Bassman. Baadaye Bassman ikawekewa spika nne za inchi 10, na wapiga solo wakagundua kwamba ukiisukuma juu inaimba vizuri kuliko zile walizotengenezewa wao. Wakaichukua. Mpaka leo hawajairudisha.

Duka la ngoma

Sasa tuvuke bahari twende London, maana Bassman ile ile ndiyo iliyowatesa vijana wa huko. Jim Marshall, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 2012, alikuwa mpiga dramu na mwalimu wa dramu. Mwaka 1960 alifungua duka la ngoma Hanwell, magharibi ya jiji. Wanafunzi wake walikuja na wapiga gitaa wa bendi zao, miongoni mwa wateja wakiwemo Pete Townshend na Ritchie Blackmore ambao wakati huo walikuwa vijana tu wa mtaani. Kilio chao kilikuwa kimoja: amplifaya za Fender zinatoka Marekani, zikifika Uingereza bei yake haishikiki.

Marshall hakuwa mtaalamu wa umeme, ila alikuwa na fundi dukani, Ken Bran, na Bran akamleta Dudley Craven, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akijifunza ufundi kwenye kampuni ya EMI. Wakaifungua Bassman, wakaufuata mpango wa ndani waya kwa waya, wakaunda ya kwao. Mwaka 1962 ikatoka JTM45, herufi hizo zikiwa za Jim na mwanawe Terry Marshall.

Hapa msomaji naomba utulie, kwa sababu ndipo penye kiini cha habari hii. Walinakili. Hawakuficha. Lakini vipuri vya Marekani vilikuwa ghali na vya kusubiri, basi wakatumia vilivyopatikana madukani kwao. Transfoma zikawa za Uingereza. Valvu ya kwanza ikawa ECC83, inayokuza sauti zaidi kuliko ile iliyokuwa kwenye Bassman. Badala ya spika nne za inchi 10 kwenye sanduku lililo wazi nyuma, wakaweka nne za inchi 12 za Celestion kwenye sanduku lililofungwa. Walipowasha, sauti haikuwa ya Fender. Ilikuwa nzito, tena ukiipandisha inaanza kukwaruza mapema, mkwaruzo mtamu wenye nyama. Ile sauti ya roki ambayo leo watu hulipa mamilioni kuitafuta ilitokana na vijana waliotaka Fender ya bei nafuu wakaikosa.

Mwaka 1965 Townshend akataka kubwa zaidi, zikaja za wati 100, na mwaka uliofuata Jimi Hendrix naye akazichukua. Tangu hapo ulevi wa ukubwa ukawaingia watu, kila bendi ikataka ukuta wa masanduku nyuma yake. Lakini angalia wanaojua walifanya nini. Inasimuliwa kwamba Eric Clapton alimwomba Marshall amplifaya itakayoingia kwenye buti ya gari. Ikatengenezwa, sanduku moja lenye spika mbili, na mwaka 1966 akarekodi nayo ile albamu ya John Mayall na Blues Breakers. Mwaka 1970 kule Miami, kwenye albamu ya Layla, akatumia Fender Champ, kiamplifaya cha wati 5 hivi kilichoundwa kwa ajili ya wanaojifunza.

Vichupa karibu vife

Mwaka 1947 transista ilivumbuliwa Marekani, na kufikia miaka ya 1960 amplifaya za transista zilikuwa sokoni: nyepesi, rahisi, hazichemki. Redio na televisheni zikahama, viwanda vya valvu vya Marekani na Ulaya Magharibi vikapoteza wateja, vikafungwa kimoja baada ya kingine. Waliobaki kutengeneza walikuwa nchi za kijamaa: Urusi ya Kisovieti, Chekoslovakia, China. Ajabu ya dunia, wapiga roki wa nchi za kibepari wakaanza kutegemea vichupa vya wajamaa. Hata sasa valvu nyingi hutoka Saratov nchini Urusi, Slovakia na China. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi ilizuia kwa muda kuuza valvu nje, na wapiga gitaa wakakimbilia madukani kama watu waliosikia sukari inaadimika. Bei ilipanda.

Hata hivyo wapo waliomkumbuka mpiga gitaa wa mfuko mdogo. Hartley Peavey alianzisha kampuni yake mwaka 1965 huko Meridian, Mississippi, akilenga wanamuziki wa kazi. Classic 30 yake ya miaka ya 1990 bado inazunguka mitumba. Mwaka 1995 Fender wakatoa Blues Junior ya wati 15. Na katikati ya miaka ya 2000 Epiphone wakaleta Valve Junior ya wati 5, iliyoundwa China, ikauzwa Marekani kwa dola kama 100 tu.

Tuchague vipi?

Haya ndiyo niliyowasomea wenzangu kijiweni, nawe mwenye bendi yako yachukue.

Usidanganyike na wati. Wati 30 si kelele mara mbili ya wati 15. Tofauti yake ni desibeli 3, sikio linaisikia kwa mbali tu. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi. Kwa ukumbi wa kawaida wenye dramu, wati 15 mpaka 30 na spika ya inchi 12 zinatosha, na ukumbi ukiwa mkubwa weka maiki mbele yake. Wati 5 dramu itaimeza. Wati 100 itakuvunja mgongo na jirani atakuitia mjumbe.

Tazama spika kabla ya kutazama urembo. Spika yenye desibeli 100 ikilinganishwa na ya 97 ni sawa na kuongeza wati mara mbili, na kubadili spika ni rahisi kuliko kubadili amplifaya.

Soma nyuma yake imeandikwa volti ngapi. Za Marekani ni volti 120, sisi tuna 230. Ukiichomeka hivi hivi, kwaheri. Itabidi ununue transfoma ya kushusha umeme, na hiyo ni hela nyingine na mzigo mwingine kwenye daladala.

Chagua inayotumia valvu za kawaida na chache, EL84 na 12AX7 kwa mfano. Hiyo 12AX7 ndiyo ECC83 ile ile kwa jina la Kimarekani. Ukiwa unanunua iliyotumika, iwashe nusu saa. Bamba ndani ya valvu likiiva jekundu, zima, uondoke. Usiiwashe kamwe bila spika, transfoma yake inaweza kuungua. Na usiifungue mwenyewe: ndani mna volti zinazoweza kufika 400 au zaidi, na zinaweza kubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa waya. Mpelekee fundi. Wazee waliotengeneza redio za valvu bado wapo mitaani, wanazijua.

Mwisho, kama pesa haifiki, nunua ya transista. Si dhambi. Transista iliyo yako ni bora kuliko valvu ambayo mwenyewe atakuja kuichomoa saa tano na nusu.

Nilipomaliza, tukakubaliana: wati 15, spika moja ya inchi 12, iliyotumika, tutachanga kwenye kibubu. Hapo mpiga dramu wetu, pekee mwenye ajira kati yetu, akanyoosha mkono. Akasema kuchanga kutachukua mwaka, yeye anaweza kukopa kazini ainunue mwezi huu huu, sisi tutamrudishia pole pole. Alisema kwa moyo safi, namjua. Kijiwe kizima kikanyamaza. Nadhani kila mmoja alikuwa anafikiria lile jina, Matimila.

"Asante, kaka," mpiga solo akamwambia. "Lakini wewe tia kwenye kibubu sawa na sisi."

Akacheka, akatia.