Ini na kisu cha munganga

Wanganga wa zamani walithubutu kukata mguu au mkono, lakini ini waliliogopa. Sababu ni damu. Kila dakika hupita ndani ya ini la mtu mzima damu kadiri ya lita moja na nusu, na nyama yake ni laini hata uzi wa kushonea huipasua.

Mwaka 1888 Carl Langenbuch wa Berlin alitoa habari ya mwanamke aliyemkata kipande cha ini akapona. Lakini ilimpasa kumfungua tena baada ya saa chache, maana damu ilikuwa ikimwagika tumboni. Mwaka 1908 Pringle wa Glasgow alifundisha kubana kwa vidole mahali damu inapoingilia ini. Vema, lakini ukiisha kubana, ukate wapi? Ndani ya ini hakuna mpaka unaoonekana kwa macho.

Jibu moja kubwa lilitoka Hanoi, katika Vietnam iliyotawaliwa wakati ule na Wafaransa. Kijana Tôn Thất Tùng, aliyezaliwa mwaka 1912, alikuta ndani ya ini la maiti minyoo iliyopanda katika mifereji ya nyongo. Mwingine angechukizwa akaosha mikono. Yeye alifuata njia za minyoo ile, akachambua maini zaidi ya 200, akachora mifereji na mishipa yote. Hivi ilionekana kwamba ini lina sehemu zake, na kila sehemu ina mshipa wake. Mwaka 1952 huko Paris, Lortat-Jacob alitangaza kwamba ameondoa upande wote wa kuume wa ini, akifunga mishipa kwanza. Mwaka 1957 Couinaud alihesabu sehemu nane, na hesabu hiyo inatumika hata leo.

Tùng alirudi Hanoi mwaka 1954 baada ya vita. Mwaka 1963 alieleza ufundi wake kwa ulimwengu: kubana damu, kuponda nyama ya ini kwa vidole, kukamata kila mshipa unaotokea na kuufunga, yote kwa dakika chache. Kwao kansere ya ini ilikuwa nyingi, kama kwetu Afrika, ambako virusi vya homa ya ini B na sumu ya ukungu wa karanga na mahindi huileta hata kwa vijana. Wengi hufika lopitali wakati uvimbe umekwisha kushikika chini ya mbavu.

Basi, je, uvimbe mkubwa hukatwa? Hukatwa, ikiwa kinachobaki kinatosha. Ini zima likipunguzwa hata theluthi mbili huota tena. Lililokwisha kuwa gumu kwa ugonjwa haliwezi hivyo. Tangu miaka ya 1980 wanganga wa Japani huziba kwanza mshipa uendao upande wenye uvimbe, wakangoja majuma machache upande wa pili ukue, ndipo wakate.